Njia ya hewa ngumu, mapafu yasiyotanuka: namna ya kumpitisha mgonjwa salama kwenye usingizi

Mtaalamu wa usingizi anayefanya kazi kandokando ya Ziwa Victoria hatakosa kukutana na mgonjwa wa namna hii. Anaweza kuwa mama aliyeungua kwa mafuta ya taa, kidevu kimegandana na kifua na ngozi ya mbavu imekaza. Anaweza kuwa mzee mwenye kibiongo cha TB ya uti wa mgongo na shingo isiyokunjuka. Au ni mchimbaji wa dhahabu wa Geita aliyevuta vumbi la mwamba miaka mingi hadi mapafu yakajaa makovu, halafu jino limeoza, taya limevimba na mdomo haufunguki. Koo lake linakudai muda mrefu, na mapafu yake hayana muda wa kukupa. Maelekezo haya ni kwa ajili ya mtaalamu anayelazimika kumhudumia akiwa hana kamera nyembamba ya kupitisha puani.

Dakika zinavyopungua

Mtu mzima mwenye afya akishatoa pumzi ya kawaida hubakiwa na hewa kama lita 2.5 mapafuni. Hiyo ndiyo akiba yake. Mwili hutumia oksijeni kama 250 ml kwa dakika, kwa hiyo akiba ikijazwa oksijeni vizuri humtosha dakika nane hivi bila kupumua. Mapafu yaliyobanwa yakabakiwa na lita moja humpa kama dakika tatu na nusu, na hiyo ni hesabu ya karatasini. Akilala chali na kusinzia, kiwambo, yaani msuli unaotenga kifua na tumbo, hupanda na akiba hupungua tena. Usipomjazia oksijeni kabisa, una nusu dakika tu.

Mwanza iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,140 hivi, na mgandamizo wa hewa ni kama 660 mmHg badala ya 760 za pwani. Anayevuta hewa ya kawaida hapa ana oksijeni ya takribani 80 mmHg ndani ya vifuko vya mapafu, wakati mwenzake wa Dar es Salaam ana 100. Kwa hiyo mgonjwa ambaye oksimita yake inasoma 92% wodini Magu au Nansio tayari amesimama ukingoni. Namba ikianza kushuka haishuki taratibu, inaporomoka.

Ndiyo maana kila uamuzi unaofuata unarudi kwenye kanuni moja: mgonjwa aendelee kupumua mwenyewe mpaka tyubu (mpira wa kupumulia) iwe imeshathibitishwa kwamba iko kwenye koo la hewa.

Kumpima siku moja kabla

Anza na koo. Mdomo ukifunguka chini ya sentimita 3, laringoskopu, kifaa cha kuangalizia koo, itapita kwa shida. Chini ya 2, fikiria pua. Pima kutoka ncha ya kidevu hadi kongomeo shingo ikiwa imenyooshwa. Chini ya sentimita 6 ni onyo. Mwambie aume mdomo wa juu kwa meno ya chini. Mwulize kama anaweza kulala bila mto, na kama anakoroma au anakosa hewa usiku. Mwenye rovu kubwa apigwe picha ya X-ray ya shingo na kifua ili uone koo la hewa limesukumwa upande gani. Kisha tafuta kwa kidole utando wa krikothairoidi, ule ulio mbele ya shingo chini tu ya kongomeo, na uuchore kwa kalamu. Ukishindwa kuupata kwa sababu ya kovu, andika hivyo kwenye faili kwa herufi kubwa: mlango wa dharura umefungwa, na hilo linabadilisha mpango wote.

Mapafu yanapimika hata pasipo spiromita, kifaa cha kupima kiasi cha pumzi. Mwambie avute pumzi na kuhesabu kwa sauti bila kuvuta nyingine. Asiyefika 15 ana pumzi ndogo sana. Abane pumzi: chini ya sekunde 15 ni hatari. Mtembeze wodini akiwa na oksimita kidoleni; ikishuka kwa 4% au zaidi, akiba haipo. Kifaa cha kupima kasi ya kupuliza kinachotumika kwa wagonjwa wa pumu hakisaidii hapa, kwa sababu tatizo si mirija iliyobana. Spiromita ikiwepo, pumzi kamili chini ya lita moja au chini ya 50% ya inayotarajiwa maana yake andaa kitanda chenye mashine ya kupumulia kabla hujaanza. Miguu iliyovimba, mishipa ya shingo iliyojaa na ECG inayoonyesha upande wa kulia wa moyo umenenepa ni dalili kwamba shinikizo la damu la mapafu limepanda, na mgonjwa huyo hatavumilia oksijeni ndogo wala kaboni dayoksaidi nyingi hata kidogo.

Mwenye kikohozi cha muda mrefu apimwe makohozi kwanza. Upasuaji usio wa dharura usubiri majibu, na ukilazimika, weka chujio kati ya tyubu na mashine.

Je, ni lazima alale?

Ganzi ya sehemu ndiyo chaguo bora inapowezekana, ila isiwe njia ya kulikimbia koo. Ganzi ikishindwa katikati ya upasuaji utalikuta koo lilelile, safari hii tumbo likiwa wazi. Vifaa vyote vya njia ya hewa viwe mezani kabla hujachoma sindano ya mgongo.

Kwa mkono, choma kwapani. Usichome shingoni juu ya bega: neva ya kiwambo cha upande ule hupooza karibu kila mara, na pumzi kamili hushuka kwa robo au zaidi. Mwenye mapafu mazima atahisi kidogo tu, huyu atazama. Kwa mguu au chini ya kitovu, ganzi ya mgongo ni salama ikibaki chini. Kwa upasuaji wa kujifungua unahitaji ganzi ipande hadi kwenye chuchu, na hapo misuli ya mbavu inalegea. Mama mfupi mwenye kibiongo umpe bupivakeni nzito ya 0.5% kati ya 1.6 na 2.0 ml, umwinue mabega kwa mto mara tu unapomlaza, na kila dakika mbili umwambie akubane kidole na kuhesabu. Kidole gumba kikifa ganzi au sauti ikififia, ganzi imepanda mno.

Kama kazi inaweza kusubiri, mgonjwa apelekwe Bugando, kwenye hospitali ya rufaa ya kanda, akiwa bado ana nguvu. Kutoka Ukerewe au Kome panga safari kwa ratiba ya kivuko, si kwa hali ya mgonjwa saa nane za usiku. Asafiri amekaa, na mtungi wa oksijeni uhesabiwe: mtungi mdogo uliojaa lita 680 ukitoa lita 5 kwa dakika hudumu saa mbili na robo tu.

Meza ya vifaa

Panga kwa mpangilio utakaovitumia. Maski za saizi mbili, mipira ya kinywani na puani, laringoskopu mbili zenye betri mpya (ya video ikiwepo, iwe ndiyo ya kwanza), buji (kijiti kirefu laini cha kuongoza tyubu), tyubu namba 5.0, 5.5, 6.0 na 6.5, LMA (maski inayokaa kooni juu ya kongomeo) namba 3 na 4, mashine ya kufyonza inayofanya kazi na ya mguu pembeni. Kwenye trei ya peke yake weka kisu namba 10, buji nyingine na tyubu ya 6.0 yenye puto. Trei hiyo isifungwe kwa plasta wala kuwekwa kabatini. Konsentreta, mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani, hutoa lita 5 kwa dakika, nyingine 10, na umeme ukikatika hunyamaza. Mtungi uwe umeunganishwa na ufunguo wake uko hapohapo.

Kapnografu, kifaa kinachoonyesha kaboni dayoksaidi kwenye pumzi inayotoka, ni ya lazima hapa kuliko kwa mgonjwa mwingine yeyote. Mapafu yaliyosinyaa hayasikiki vizuri kwa stethoskopu, na kifua hakiinuki vya kutosha kukuambia kitu. Hospitali isipokuwa nayo, chukua bomba la sindano la 60 ml, lifunge kwenye mwisho wa tyubu na uvute kwa nguvu. Hewa ikija bila kukwama, tyubu iko kwenye koo la hewa. Ikikwama, umeingia umioni, toa.

Kumwekea tyubu akiwa macho

Hapa ndipo kazi inapofanikiwa au kuharibika, na sehemu kubwa yake ni subira na maneno. Mweleze mapema: "Mama, utakuwa macho mpaka mpira uingie. Dawa ni chungu, utahisi koo limenenepa na kama huwezi kumeza, lakini utaendelea kupumua. Ukitaka nisimame, inua mkono." Wazee wengi wa Kwimba na Misungwi huelewa Kisukuma vizuri zaidi. Mwenye lugha hiyo ndiye asimame kichwani, na awe mmoja tu anayesema.

Mpe atropini 0.5 mg kwenye misuli saa moja kabla, au glaikopaironia 0.2 mg. Ganzi haishiki kwenye mate. Ukiruka hatua hii utaongeza lignokeni, dawa ya ganzi, bure mpaka umfikishe kwenye sumu. Mkalishe kwa nyuzi 30 hadi 45, umwekee mirija ya oksijeni puani lita 5 kwa dakika, na isitolewe hadi mwisho.

Kiwango cha juu cha lignokeni ya kupaka na kupuliza ni 9 mg kwa kilo. Mgonjwa wa kilo 45 ana 405 mg, basi. Igawe hivi: nebulaiza (mashine ya kugeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta) 5 ml ya 4%, yaani 200 mg, kwa dakika 15 kwa oksijeni ya lita 6 hadi 8. Kisha 2 ml ya 4%, yaani 80 mg, kupitia utando wa krikothairoidi kwa sindano ya geji 22: vuta kwanza uone mapovu ya hewa, subiri amalize kutoa pumzi, sukuma haraka na uchomoe sindano papo hapo, kwa sababu atakohoa. Kikohozi hicho ndicho kinachosambaza dawa hadi kwenye nyuzi za sauti. Mwisho mipulizo 10 ya lignokeni ya 10% nyuma ya ulimi, kila mpulizo 10 mg. Jumla ni 380 mg. Msaidizi aandike kila kipimo ukutani kinapotolewa. Ulimi ukianza kuwashawasha, masikio yakivuma au akihisi ladha ya chuma, acha dawa. Degedege linaweza kufuata. Lipidi ya 20%, 1.5 ml kwa kilo, ndiyo tiba yake.

Mguse nyuma ya ulimi kwa kijiti. Akitapikatapika bado, ongeza dakika tano, si midazolamu ya kumsinzisha. Ya kumtuliza inatosha 0.5 hadi 1 mg, au ketamini 10 hadi 20 mg. Kuchanganya midazolamu na fentanili kwa mgonjwa ambaye tayari ana kaboni dayoksaidi nyingi ni kumzimia pumzi ile uliyokuwa unailinda.

Sasa ingiza laringoskopu taratibu ukiwa umesimama mbele au nyuma yake, buji kwanza, halafu tyubu ya 6.0. Mdomo usipofunguka pitia puani: matone ya ksailometazolini dakika kumi kabla, tyubu iliyolainishwa kwenye maji ya moto na kupakwa jeli. Isukume huku sikio lako au kapnografu likiwa mwishoni mwa tyubu. Pumzi ikizidi kusikika uko sawa. Subiri avute hewa ndipo usukume. Sauti ikipotea ghafla umeteleza umioni: rudi sentimita 2, geuza kichwa kidogo, jaribu tena. Majaribio yasizidi matatu, na la nne lifanywe na aliye na uzoefu zaidi. Kila jaribio huvimbisha na kutoa damu, na damu ndiyo inayogeuza koo gumu kuwa koo lisilowezekana.

Tyubu ikishathibitishwa, jaza puto, kisha ndipo umlaze.

Kidevu kilichogandana na kifua

Kwa mgonjwa huyu sindano ya utandoni haiwezekani, na kisu cha dharura hakifiki. Njia iliyo salama ni daktari wa upasuaji kulikata kovu kwanza, shingo ikunjuke, halafu tyubu ifuate.

Changanya 15 ml za lignokeni ya 2% (300 mg) na adrenalini 0.3 mg, ongeza maji ya chumvi ya 0.9% hadi 150 ml. Kwa kilo 45 umebaki chini ya kikomo cha 7 mg kwa kilo kinachotumika kwa dawa ya kuchoma yenye adrenalini. Ukishatoa hiyo, nebulaiza ya 200 mg haipo tena. Hesabu ni moja kwa mwili mmoja. Mpe atropini, halafu ketamini 0.5 mg kwa kilo kwa kuisukuma dakika nzima au zaidi, na urudie 10 mg kila anapojikunyata. Ketamini ikisukumwa haraka inasimamisha pumzi, ingawa wengi hudhani ni salama kwa namna yoyote. Daktari apige dawa chini ya kovu lote, asubiri dakika kumi hadi ngozi ipauke, kisha akate kutoka ukingo hadi ukingo mpaka shingo inyooke. Halotheni, dawa ya usingizi ya kuvuta, isifunguliwe wakati adrenalini inachomwa. Ikibidi kabisa, mchanganyiko huo usizidi 50 ml kila dakika 10, la sivyo moyo utaanza kuruka mapigo.

Jambo moja linasahaulika kirahisi. Mwenye majeraha ya moto yaliyopita saa 24, hadi mwaka mzima au zaidi, na mwenye TB ya uti wa mgongo aliyepooza miguu, asipewe suksamethonia, dawa ya kulegeza misuli. Potasiamu hupanda ghafla na moyo husimama. Kwa hiyo ile dawa ya haraka ambayo mkono huizoea wakati wa dharura ndiyo iliyokatazwa kwa wagonjwa hawahawa. Itolewe mezani kabisa ili mtu asiichukue kwa mazoea.

Oksijeni ikianza kuporomoka

Sema kwa sauti: "Nimeshindwa kuweka tyubu." Weka LMA. Isipokaa, maski kwa mikono miwili huku mwingine akibana mfuko. Kubana kwa nguvu hakusaidii mapafu magumu. Hewa inakwenda tumboni, tumbo linasukuma kiwambo, na unampoteza haraka zaidi. Njia zote tatu zikishindwa, usisubiri namba ifike 50%. Kwa mtu mzima: chana ngozi na utando kwa kisu namba 10, kigeuze makali yaelekee miguuni, pitisha buji pembeni ya kisu, juu yake tyubu ya 6.0, jaza puto, puliza, thibitisha. Kama utando haupatikani, chana wima sentimita 8 hadi 10 katikati ya shingo na uutafute kwa vidole. Mwenye uvimbe wa taya uliojaa usaha, daktari wa kutoboa koo awe amevaa glavu tangu mwanzo, na mara nyingi kutoboa kwa ganzi akiwa macho ndilo jambo la kwanza kufanya, si la mwisho.

Mashine

Usitumie kilo za mizani. Uzito wa makadirio kwa mwanamke ni 45.5 jumlisha 0.91 mara urefu wa sentimita uliotolewa 152.4, kwa mwanamume anza na 50. Mwenye kibiongo usimpime urefu, mpime mikono iliyotandazwa kutoka ncha ya kidole hadi ncha. Mama mwenye sentimita 155 anapata kilo 48, na pumzi yake ni 6 ml kwa kilo, yaani 290 ml. Pumzi 18 hadi 24 kwa dakika, shinikizo la mwisho wa kutoa pumzi cmH2O 5, la mapafu yakiwa yametulia chini ya cmH2O 30. Muda wa kuvuta na kutoa uwe karibu sawa, 1:1 hadi 1:1.5, kwa kuwa mapafu haya hujaa kwa shida lakini hutoa hewa haraka. Oksijeni ipunguzwe hadi isome 92 hadi 96%.

Ukibana kwa mkono, mfuko wa mtu mzima ukiminywa wote hutoa zaidi ya mara mbili ya anachohitaji. Mfuko wa mtoto wa 500 ml unamfaa mama huyu vizuri. Shinikizo likipanda ghafla, upande mmoja ukinyamaza na presha ikishuka, pafu limetoboka: sindano ya geji 14 kati ya mbavu kwenye mstari wa mbele wa kwapa, nafasi ya nne au ya tano, kisha mrija wa kifua.

Kutoa tyubu na usiku wa kwanza

Dawa ya kulegeza misuli irudishwe kikamilifu: neostigmini 0.05 mg kwa kilo pamoja na atropini 0.02. Kuinua kichwa sekunde tano hakutoshi kama ushahidi. Kifaa cha kupima misuli kikiwepo, subiri uwiano wa mshtuko wa nne kwa wa kwanza ufike 0.9. Awe macho, amekaa, anafuata maneno, anapumua chini ya mara 30 kwa dakika, na puto likitolewa hewa unasikia upepo ukipita pembeni. Usiposikia, koo limevimba. Mwache na tyubu hadi asubuhi. Meza ya vifaa isivunjwe mpaka afike wodini salama.

Maumivu yatulizwe bila kuizima pumzi: parasetamoli 15 mg kwa kilo kila saa 6, ganzi kwenye kidonda, na mofini 1 hadi 2 mg kwa wakati akiwa anaangaliwa. Alale kichwa juu nyuzi 30, oksimita kidoleni usiku kucha. Kila saa akiwa macho apulize mapovu kupitia mrija uliozama sentimita 10 kwenye chupa ya maji, mara kumi. Ndugu anayemuuguza anaweza kumsimamia.

Kabla hajaruhusiwa mpe karatasi ya kutunza pamoja na kadi ya kliniki: "Mgonjwa huyu ana koo gumu na mapafu madogo. Maski ilikaa / haikukaa. Aliwekewa tyubu namba 6.0 akiwa macho, jaribio la pili. Asipewe suksamethonia. Alihitaji pumzi ya 290 ml." Weka tarehe, jina la hospitali na sahihi, na umsomee yeye na aliyekuja naye maneno yote.